Ufunguo wa Gari la Mayai

Ufunguo wa gari ni kitu kichafu. Watu hawalioni hilo kwa sababu kila mtu amezoea uchafu wake mwenyewe, lakini mimi kazi yangu ni kupasua funguo. Nikifungua kichwa cha rimoti kwa kisu changu kidogo, humo ndani nakuta nta ya masikio, makombo ya chapati, magamba ya samaki, ugoro, na unyevunyevu ambao sitaki kujua umetoka wapi. Wanaume wanauchokolea masikio. Wanawake wanautia kifuani, ukitoka huko umelowa jasho na poda. Dereva mmoja wa upande wa Kenya aliniletea rimoti ambayo mtoto wake aliitafuna mpaka vitufe vikalegea kama jojo, kisha akanigombeza kwamba haifanyi kazi. Yote hayo nayapokea kwa mkono huu huu ninaolia chakula.

Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya mahali yanapolala malori yanayongoja kuvuka. Nina mashine ya kuchonga funguo, nina ile nyingine ya kuongea na kompyuta ya gari, nina meza na viti viwili. Nilikuwa pia na kitu kimoja cha kujivunia: kila ufunguo mpya niliutia kwenye kimfuko cha plastiki chenye muhuri wa kibanda na namba yangu ya simu. Wenzangu walinicheka kwamba nauza funguo kama dawa ya minyoo. Niliwaacha wacheke, maana wao walikuwa wakizifunga kwa gazeti.

Magari yetu mengi ni yale ya Kijapani yaliyokwisha kutumika kwao, na mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele. Pale unapochomeka ufunguo pana pete ya waya inayoisikiliza chipu hiyo. Ikiitambua, injini inaruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, kitaa chekundu kwenye dashibodi kinapepesa tu na gari linageuka pambo. Ulinzi huo ndio tunaouita imobilaiza. Vitufe vya kufungulia milango ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo ufunguo unaweza kufungua milango yote na bado gari likakataa kuwaka. Wateja wengi hawalijui hilo, nami nimekula sana kutokana na kutojua kwao.

Kazi yenyewe imeoza, na sisemi hivyo kwa kusikia. Kuna mafundi wanaoing'oa chipu ya mteja na kuibandika kwa gundi chini ya usukani, karibu na ile pete, ili gari liwake hata kwa ufunguo wa bati. Mteja anashukuru kwamba ametengenezewa kwa bei nafuu, kumbe ameuziwa gari ambalo mwizi yeyote anaweza kuondoka nalo. Mimi sikuwahi kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo nilijiona msafi. Lakini kulikuwa na jambo moja tulilolifanya sote, mimi nikiwemo, tukaliona la kawaida: hatuulizi logbuku. Mpakani ukimwuliza mtu karatasi za gari, anavuka barabara na kwenda kwa fundi asiyeuliza. Anayekaa kwenye usukani ndiye mwenye gari, basi, na ufunguo unachongwa.

Asubuhi moja alikuja mwanamume aliyevaa koti zito jeusi katika jua lile. Alikuwa na gari jeupe la wagoni, la aina ambayo Busia nzima imejaa. Alishuka akichokoa meno kwa ncha ya ufunguo. Nakumbuka nilitazama kando. Kisha akaufuta kwenye paja na kunikabidhi.

"Fundi, tuko na msiba huko Iyolwa," alisema. "Ndugu yangu ameenda. Tunazika kesho. Hii gari iko na funguo moja, nataka ingine mpya."

Nikampa pole, nikaingia garini. Lilinuka kinyesi cha kuku na yai lililovunjika siku nyingi, harufu ile inayokaa kooni. Kulikuwa na manyoya chini ya kiti na kipande cha ganda karibu na tundu la ufunguo. Nilifanya kazi mlango ukiwa wazi, nikitoa kichwa nje kila mara kuvuta pumzi. Nilipomaliza kuusajili ufunguo mpya, alisogea akainama dirishani.

"Sasa futa zingine zote. Wacha hii mpya peke yake. Kuna moja ilipotea hospitali, watu wabaya wanaweza kuja nayo."

Hilo ni ombi la haki. Ufunguo ukipotea, ndivyo tunavyofanya. Lakini ule wa zamani ulikuwa mkononi mwangu, mzima, umewasha gari mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia kwamba nikifuta zote, na huo utakufa.

"Wacha ikufe," alisema. "Lakini nirudishie. Ni ya marehemu. Nataka kuiweka."

Maneno hayo yalinigusa. Nasema hivi kwa aibu. Niliuchukua ule ufunguo uliotoka mdomoni mwake, nikausafisha kwa pamba na spiriti, nikautazama kwa huruma, nikampa kwa mikono miwili kama mtu anayepokeza kitu cha msibani. Ule mpya niliutia kwenye kimfuko changu chenye muhuri. Alilipa bila kubishana hata kidogo, na mtu asiyebishana bei Busia angenitia shaka siku nyingine yoyote. Siku ile nilisema huzuni imemchanganya.

Baada ya wiki hivi nikapigiwa simu na mwanamke. Sauti yake ilikuwa tulivu. Alisema gari lake liko Iyolwa, milango inafunguka lakini haliwaki, na angenilipia boda kwenda na kurudi. Nikachukua mkoba wangu. Njiani nilikuwa nikiwaza betri, maana gari lililokaa siku nyingi kwanza ni betri, na sikuwaza kitu kingine.

Alikuwa mjane. Aliniambia hivyo kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki, tena bila kujitilia huruma. Alikuwa anafuga kuku na kukusanya mayai kwa majirani, na kwa gari hilo alikuwa akiyapeleka Busia na Tororo. Pesa iliyolinunua ilitoka kwenye mayai, ila logbuku iliandikwa jina la mume, kwa sababu siku ya kununua alikwenda mume. Siku za msiba shemeji yake alilichukua kwa shughuli za mazishi, akalirudisha na kumkabidhi ufunguo mbele ya waombolezaji. Kwao kitu cha marehemu hakitoki bomani mpaka kikao cha ukoo kikae, kwa hiyo gari lilikuwa limesimama kando ya banda la kuku tangu mazishi. Juzi alitaka kulisogeza kivulini. Likakataa.

"Na kikao ni kesho," alisema. "Shemeji yangu anasema kaka yake alimwachia hii gari akiwa hospitali Tororo, akampa na funguo. Amewaambia wazee, kama ni uongo, huyu mama awashe tuone. Wazee wamekubali. Atakayewasha ndiye gari ni yake."

Nilisikia jambo hilo na kuona ni upumbavu, lakini upumbavu wenye sura ya haki, wa kumpendeza kila mtu aliyechoka kusikiliza maneno. Mlangoni mwa jikoni zilipangwa trei za mayai, safu juu ya safu. Mengine yalikuwa yameanza kunuka. Hapakuwa na haja ya kuniambia gari likienda nini kitabaki.

Alinipa ufunguo. Nikabonyeza, milango ikafunguka yote. Nikafungua mlango wa dereva, na ile harufu ikanipiga usoni.

Bado nilijidanganya kidogo. Nikasema kila anayebeba mayai gari lake hunuka hivi. Nikapima betri ya gari, ikawa nzima. Nikafungua kichwa cha ufunguo, na hapo nikaona kilivyo safi ndani, kimesuguliwa kwa spiriti kwenye pembe zote kama ninavyosugua mimi. Chipu ilikuwa mahali pake. Nikachomeka, kitaa chekundu kikapepesa. Nikaikagua pete ya waya, haikuwa na kasoro. Mwishoni nikaunganisha mashine, nikijua tayari, kama mtu anayenusa maziwa akijua yameganda. Mashine yangu huweka kumbukumbu ya kila gari ililoligusa. Iliniambia kwamba gari hili inalijua, kwamba limesajiliwa ufunguo mmoja tu, na kwamba ule niliokuwa nao mkononi haumo.

Yule mwanamume wa koti jeusi ndiye shemeji, naye alikuwa amempa mjane ufunguo mfu, akiwa amemrudishia kwa heshima mbele ya waombolezaji, na mimi ndiye niliyemfanyia kazi hiyo. Sikumchukia yeye peke yake. Niliichukia ile pamba yangu na spiriti, na ile mikono miwili.

"Kuna shida?" aliuliza mama.

"Inatengenezeka," nilisema.

Kuanzisha upya imobilaiza ya gari la namna hiyo kunahitaji subira. Mashine inakuambia funga milango, usiguse chochote, ngoja robo saa na ushee. Ndani ya muda huo gari linasahau funguo zote na kujiandaa kupokea mpya. Ukifungua mlango umeharibu, unaanza tena. Mama alikuwa amekwisha kuketi kiti cha pembeni. Kwa hiyo tulikaa, mimi na yeye, vioo vimefungwa, jua linapiga, harufu ya yai bovu imetuzunguka, na kwenye skrini vitone vinatembea polepole.

"Fundi," alisema baada ya muda, akitazama mbele, "funguo inaweza kukataa yenyewe tu?"

"Huwa inatokea, mama. Chipu inajisahau."

Huo ni uongo tunaoutumia sote. Chipu haijisahau.

"Na mtu anaweza kuifanya ikatae?"

"Anaweza. Akiwa na mashine."

"Kama hii?"

"Kama hii."

Alimtazama kuku aliyepita mbele ya gari akiparua. "Wenye hii mashine Busia ni wengi?"

"Tuko kadhaa," nilisema.

Robo saa ile ni ndefu kuliko safari ya kwenda Kampala. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yamepangika kabisa: mama, shemeji yako alikuja kwangu kabla ya mazishi. Hayakuzidi hayo. Lakini niliwaza polisi, niliwaza ukoo mzima ukija kibandani kwangu, niliwaza jina baya la fundi anayewatengenezea wezi. Nikajiambia kwamba ninachofanya sasa ni malipo tosha. Nikayameza, na yalikuwa na ladha ya ile harufu.

Mashine ililia. Nikausajili ufunguo wake, peke yake. Gari likawaka mara moja, na mama akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo. Ule wa shemeji ulikuwa umekufa, popote ulipokuwa. Akaniomba nirudi kesho, nikae karibu, kama gari litaleta shida. Nilitaka kukataa. Sikupata sababu ya kutoa.

Kikao kilikaa chini ya turubai, wazee kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka. Shemeji mtu alikuja amevaa shati linalong'aa. Aliponiona nimekaa kando ya banda la kuku na mkoba wangu, alisimama kidogo, kisha akanipita kama hanijui. Walikula kwanza. Alikula kuku wa mjane mpaka kiwiko, akalamba vidole kimoja kimoja, na kwa vidole hivyo hivyo akatoa ufunguo niliomtengenezea.

Alichomeka. Kitaa kikapepesa. Akauchomoa, akautazama, akachomeka tena. Kimya. Akautemea mate, akaufuta kwenye shati, akajaribu mara ya tatu, akisukuma usukani kama anayemtikisa ng'ombe aliyelala. Mafuta ya kuku yalikuwa yanang'aa kwenye vitufe.

"Betri imekufa," alisema.

Kisha akageuka kunitazama. Nilijua anataka kuniuliza nini, na alijua hawezi kuniuliza, kwa sababu swali lenyewe lingemvua nguo. Nami sikuweza kumsuta bila kujivua zangu. Tulitazamana kama watu wawili waliokula sahani moja ya kitu kilichooza.

Mzee aliyeongoza kikao aliona macho yangu. "Wewe fundi," alisema, "hii gari iko na shida gani?"

Watu wote walinigeukia. Mama pia alinigeukia, na yeye alinitazama tofauti na wengine, bila haraka, kama bado tumo ndani ya ile robo saa. Nilisimama. Nilikuwa na nafasi ya pili, mtu hapewi mara nyingi.

"Mzee," nilisema, "gari haina shida. Inamjua mwenyewe tu."

Waliipenda sana kauli hiyo. Mzee mmoja aliirudia kwa jirani yake asiyesikia vizuri. Mama akainuka, akajifunga leso vizuri, akaketi kwenye usukani, akawasha. Gari likanguruma kwa jaribio la kwanza tu, na wanawake kwenye mikeka wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Marehemu amesema," alisema mzee aliyeongoza kikao.

Kila mtu akaitikia. Shemeji mtu aliweka ule ufunguo mfukoni, akasema ana safari ya Osukuru, akaondoka kwa miguu. Nadhani hata yeye alianza kuamini ni kaka yake. Na mimi nilikaa pale nikipewa soda na nyama, nikipigwapigwa bega, huku marehemu wa watu akibebeshwa kazi niliyoifanya mimi mara mbili, ya wizi na ya kurudisha. Nyama ile sikuweza kuimeza. Niliitema kwenye kiganja nikamtupia mbwa.

Jioni haijaingia mama alipakia trei zake, yale mayai yaliyokuwa bado mazima, akaniambia nipande, anakwenda Busia. Aliendesha vizuri, akikwepa mashimo kwa ajili ya mayai. Tukafika barabara ya lami. Hapo alisimamisha gari pembeni, akafungua kile kidroo kidogo cha kutilia majivu, akatoa kitu na kukiweka juu ya paja langu.

Kilikuwa kimfuko cha plastiki, kitupu, chenye muhuri wa kibanda changu na namba yangu ya simu.

"Kilikuwa chini ya kiti siku shemeji aliporudisha gari," alisema. "Nilidhani ni takataka za msiba. Funguo ilipokataa ndio nikakisoma. Ndiyo maana nilikuita wewe. Hata Iyolwa mafundi wapo."

Nilifungua mdomo. Akainua mkono kidogo.

"Jana nilikungoja robo saa yote. Na leo mzee akakuuliza."

"Mama, niliogopa."

"Najua," alisema. "Mimi pia nilikuwa naogopa, na nilikuwa na jina lako la kutaja kwa wazee. Sikutaja."

Malori yalipita yakielekea mpakani, moja baada ya jingine, gari letu likitikisika kidogo kila mara na mayai yakigongana nyuma. Kisha akaniuliza kama ule ufunguo wa shemeji nimeufuta kweli. Nikamwambia nimeufuta, ndani ya gari umo wake peke yake. Akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza bei asiyoiamini.

"Huko Tororo kuna fundi mwingine?"

Nilimwambia yupo, karibu na soko, na kwamba huyo huuliza logbuku kwanza. Simpendi mtu huyo, tumewahi kutukanana, lakini nilimwelekeza vizuri mpaka rangi ya mlango wake.

"Kesho nitapita kwake," alisema. "Ahesabu funguo ziko ngapi ndani ya gari yangu."

Alinyoosha mkono mbele yangu akafungua mlango wa upande wangu. Nilishuka na mkoba wangu na kimfuko changu, nikatembea kilichobaki mpaka Busia, na njia nzima mikono yangu ilikuwa inanuka yai.